HANANG KWA SIKU MOJA: UNAPANDIA KATESH, UNASHUKIA GITTING



Vijana wengi hapa Dodoma tunadhani kupanda milima ni mambo ya Moshi na Arusha. Jamani, Hanang uko hapo Manyara! Unapita Singida au Kondoa na Babati mpaka Katesh, unaukuta umesimama peke yake juu ya tambarare. Ni volkano iliyolala, mita 3,420.

Kuna wanaoudharau kwa sababu Kilimanjaro ni mita 5,895. Lakini kule mtu anapanda kwa siku tano au sita. Hanang unaumaliza siku moja, na Katesh ipo kama mita 1,700 tu toka usawa wa bahari. Yaani unapanda mita 1,700 nyingine kwa miguu halafu unazishusha zote kabla ya giza. Magoti yatakusimulia!

Njia iliyozoeleka ni ya Jorodom, kwenda na kurudi Katesh kama masaa 10. Wagumu ndio wanaovuka na kushukia Gitting, upande mwingine wa mlima. Shida ya kuvuka ni kwamba unakosa pa kugeukia. Ukirudi ulikotoka, njia unaijua. Ukishavuka kilele unaingia njia ngeni na miguu imeshachoka, na chini hakuna anayekusubiri kama hukupanga usafiri tangu jana yake.

Mimi nilipanda Agosti, tukaanza saa 11 alfajiri na tochi. Ukitoka msituni unaingia kwenye majani na mawe, halafu mgongo mrefu wa mlima wenye vilele vya uongo. Unasema nimefika, kumbe bado! Hapo ndipo maji yanapoisha, kwa hiyo beba ya kutosha toka chini, mimi nilibeba lita nne. Na tulikubaliana mapema: saa 7 mchana kama hatujafika kileleni, tunarudi Katesh, habari ya Gitting tunaiacha. Mwongoza njia ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Sasa suala la msimu, hapa sitanii. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilinyesha, sehemu ya mlima ikanyonya maji na kumeguka. Tope, mawe na magogo vikafuata mkondo wa Jorodom mpaka Katesh na vijiji vya jirani. Walikufa watu zaidi ya 80. Wengine walidhani volkano imelipuka, serikali ikaeleza kuwa sivyo, ni udongo na miamba dhaifu iliyoshiba maji. Ndiyo maana nasema Juni mpaka Oktoba. Mvua zikianza Novemba achana nao, hata kama jua linawaka asubuhi hiyo, kwa sababu maji ya wiki nzima bado yamo ndani ya mlima.

Kibali ni cha TFS maana ni hifadhi ya msitu, kachukue siku moja kabla. Mwongoza njia tafuta mwenyeji, na muulize kabisa kama amewahi kushukia Gitting, maana wengi wanaijua Jorodom tu.