Kikwembe cha Machi 8 kinatoka wapi?

Kila mwaka swali ni lile lile: Machi 8 tutavaa kikwembe gani? Safari hii dada mmoja aliongeza lake: kwa nini tununue cha wageni, Kongo haina chake? Wengine walicheka. Mimi naona aliuliza vizuri, na jibu si fupi.

Ile tunayoita wax ya Holande inatengenezwa kweli Uholanzi, mjini Helmond, na kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa 1846. Michoro iliiga batiki za Java. Lakini China nayo inachapa nyingi sana, na zingine zinabeba jina la Holande pembeni bila haya. Usisome pembeni tu, geuza nguo. Wax yenyewe rangi yake inaingia pande zote mbili. Ile iliyochapwa upande mmoja, mgongo wake umefifia.

Na ya Kongo? Kisangani kuna Sotexki, kiwanda cha miaka ya 1970. Kalemie, karibu na sisi zaidi, kulikuwa na Filtisaf, wazee wanaikumbuka. Kutoka Kisangani mpaka huku ni reli hadi Ubundu, mashua hadi Kindu, kisha barabara ya Kasongo mnayoijua. Nguo ya ng'ambo inavuka ziwa kutoka Kigoma mpaka Kalemie, ao inapitia Uvira na Fizi. Basi ya wageni inatufikia kwa njia fupi kuliko ya ndugu zetu.

Darasani, somo hili linaniuma. Zamani Maniema ilifuma viramba, nguo za nyuzi za miti, na vilitumika hata kama pesa. Misafara ya Zanzibar ikaleta merikani mpaka Kasongo ya Tippu Tip. Mwaka 1917 Wabelgiji wakaweka amri ya kulima kwa lazima, siku 60 kwa mwaka, na hapa Maniema ilikuwa pamba. Pamba ikaenda Ulaya, nguo ikarudi kuuzwa. Watoto wananiuliza: na dhahabu ya Namoya, mwalimu?

Pikipiki tuziache. Zinatoka India ao China, Kongo haitengenezi. Nunua ile ambayo vipuri vyake vinapatikana.

Ila sabuni ni jambo jingine. Mawese tunayo, mikono tunayo, na ninafundisha watoto ambao sabuni ya mama ndiyo inawanunulia daftari. Lakini mke wa mchimbaji akipata franga anakwenda moja kwa moja kwa ile ya karatasi nzuri, na ukimwuliza anakwambia: ya kwetu inachoma mikono. Hasemi uongo. Inachoma kwa sababu soda ilipimwa kwa macho, ao sabuni iliuzwa ikingali mbichi. Ipime soda, uimimine ndani ya maji, usimimine maji juu ya soda, watoto wakiwa mbali. Sabuni ikikatwa, ikae kivulini wiki nne. Najua wiki nne ni nyingi kwa mama anayengojwa na deni, ndiyo maana wengi wanaiuza siku ya tatu na kupoteza mnunuzi milele. Na tusijivune mno: soda yenyewe inatoka ng'ambo.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Kikwembe tununue kile ambacho mfuko unaruhusu, hata kama ni cha China, lakini kishonwe na mafundi wa hapa Salamabila, kisiletwe kimeshonwa tayari. Tena, badala ya yadi 6 kila mtu achukue 4; zinatosha sketi na blauzi, zile 2 za kujifunga zingoje. Franga zitakazobaki ziingie katika kisanduku cha wapika sabuni: kununua soda kwa pamoja, na kumkopesha mama anayengoja wiki zake nne ili asiuze mbichi. Mume akiuliza kwa nini huna cha kujifunga, mwonyeshe gazeti hili.

Kinachokosekana ni mizani. Wanunuzi wa dhahabu wanazo kila kona, ila zao ni za kupima punje. Mwenye mizani ya jikoni inayofika kilo moja aje nayo kwenye mkutano ujao. Sabuni ikipikwa mwishoni mwa Januari, Machi 8 itakuwa imekauka.