Mzazi Aliyepasuliwa Naye Ale

Enyi mlio na mzazi nyumbani, hapa Izigo na kwingineko, sikilizeni. Mama akijifungua kwa njia ya kawaida, hupikiwa ndizi na maharage, na samaki wa ziwani akipatikana. Lakini akirudi kutoka Kagondo au Rubya amepasuliwa, wako wasemao: “Uji mwepesi tu, kidonda kisije kikafumuka.”

Wasema kwa upendo, lakini wakosea. Mganga hupasua ngozi ya tumbo na nyumba ya mtoto, hagusi mfuko wa chakula. Saa chache tu baadaye, muuguzi akiruhusu, mama huanza kunywa na kula kidogo kidogo. Kisha hula kama wenzake.

Tena yeye ana haja zaidi, maana kwa kawaida hupoteza damu nyingi zaidi. Maharage, dagaa na mayai huponyesha kidonda. Mboga, matunda na maji hulainisha choo, asijikaze. Kahawa na chai ziwe mbali na mlo, kwani huzuia madini yanayoongeza damu.

Nawe baba, mayai ya kuku wako yasiende yote sokoni. Ukimlisha mama, umemlisha na mtoto anyonyaye.