Spika za Bendi: Anza na Meza ya Mwisho

Bendi ya dansi inapokwenda kununua spika, swali la kwanza dukani huwa ni wati ngapi. Muuzaji anageuza boksi, anaonyesha kibandiko cha nyuma kilichoandikwa 2000W, na mazungumzo yanaishia hapo. Swali ambalo lingewasaidia zaidi ni hili: mtu aliyekaa meza ya mwisho atasikia maneno ya wimbo? Tangu enzi za NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo leo ndiyo Msondo Ngoma, mpenzi wa dansi huja kusikiliza kisa. Magitaa yakisikika halafu kisa kikapotea, mitambo imeshindwa kazi yake, hata kama besi inatikisa chupa mezani.

Nazungumzia spika zenye amplifaya ndani, ambazo sasa zimeenea kuanzia makanisani hadi kwenye baa za wazi. Ndani ya boksi moja kuna amplifaya ya koni kubwa, amplifaya ya honi, mtambo wa kugawa sauti nzito na nyembamba, na kinga ya kuzuia vyote hivyo visiungue. Unaleta umeme, unaleta waya kutoka kwenye miksa, kazi inaanza. Kwa bendi isiyo na fundi mitambo wa kudumu huo ni msaada mkubwa, maana aliyetengeneza ameshaoanisha nguvu ya amplifaya na uwezo wa koni.

Turudi kwenye wati. Ile 2000 ya kwenye kibandiko kwa kawaida ni ya kilele, nguvu inayotoka kwa kufumba na kufumbua. Ya kudumu mara nyingi ni nusu yake au pungufu. Hata ingekuwa ya kweli, kupanda kutoka wati 1000 hadi 2000 kunaongeza desibeli 3 tu. Sikio linaitambua tofauti hiyo, ila si tofauti ya kumaliza akiba ya bendi. Ili msikilizaji aone sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji karibu mara 10 ya wati. Namba ya kutafuta kwenye kijitabu ni ile ya SPL, yaani desibeli ambazo spika inaweza kutoa ukiwa mita 1 mbele yake.

Chukua spika ya desibeli 126. Kwenye uwanja wa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu unapoteza desibeli 6, kwa hiyo kwenye meza iliyo mita 20 zinabaki kama 100. Hizo nazo ni za kilele, pale mpiga drams anapogonga sneya. Wastani wa muziki wa jukwaani uko chini ya kilele kwa desibeli 12 hadi 15, basi mtu wa meza ile anapata kama 85 hadi 88 kutoka kwenye spika moja, huku wenzake wanapiga soga na mhudumu anauliza oda. Katika ukumbi mdogo zinatosha. Kwa ua mkubwa wa baa, mimi nisingenunua spika iliyo chini ya 130.

Sasa ukubwa wa koni, na hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi, ambao wakipewa hela wanakimbilia inchi 15. Koni ya inchi 15 ina upana wa sentimita 38. Wimbi la sauti ya hezi 1000 lina urefu wa sentimita 34 hivi. Wimbi likishakuwa fupi kuliko upana wa koni, sauti inaanza kubanwa mbele ya boksi badala ya kutawanyika. Na katika maboksi mengi honi haipokei kazi mpaka karibu na hezi 2000. Eneo hilo la katikati ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kinachotufanya tutambue neno. Aliyekaa mbele ya spika anaelewa wimbo. Aliyekaa ubavuni anasikia mwimbaji kama yuko ndani ya pipa.

Juu ya hayo, koni hiyohiyo inabebeshwa besi. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne unapiga hezi 41, sauti inayoilazimisha koni kwenda mbele na nyuma kwa nguvu kubwa. Simama mbele ya boksi lililozidiwa utaliona jambo hili kwa macho: taa nyekundu inamweka kila dramu kubwa inapogongwa, na katika mweko huo sauti ya mwimbaji inanywea kidogo, silabi inapotea, kisha inarudi. Ile ni kinga inabana koni isichanike. Watu huita hali hiyo maiki mbovu, wakati maiki haina kosa lolote.

Ushauri wangu ni spika mbili nzuri za inchi 12 kwa ajili ya waimbaji na magitaa, na sabufa ya inchi 18 kwa ajili ya besi na dramu kubwa, zigawane kazi kwenye hezi 100. Kama fedha haitoshi kwa vyote, nunueni hizo mbili kwanza. Sabufa inakodishwa, nayo inayopatikana kwa kukodi mara nyingi si mbaya.

Kufunga kunaamua mengi sawa na kununua. Spika zipande kwenye stendi hadi honi ipite juu ya vichwa vya waliosimama kucheza, mita 2 au zaidi, kwa sababu miili ya watu hunyonya sauti nyembamba. Zikae mbele ya mstari wa maiki, kamwe zisiwe nyuma ya waimbaji. Usipange mbili upande mmoja zikitazama mahali pamoja ukidhani umeongeza nguvu: mawimbi yake hukutana yakafutana, na ukitembea hatua chache unasikia sauti ikibadilika. Kwenye miksa, usilipeleke gitaa la solo kushoto tupu na rithimu kulia tupu. Utamu wa dansi ni magitaa kujibizana, na hakuna anayetaka kulipa kiingilio asikie upande mmoja wa mazungumzo.

Mluzi wa maiki ni somo refu. Bendi za dansi huweka waimbaji wanne au watano mbele, kila mmoja na maiki yake. Kila idadi ya maiki zilizo wazi inapokuwa maradufu, unapoteza desibeli 3 kabla mluzi haujaanza. Maiki nne zina desibeli 6 pungufu ya moja. Asiyeimba ubeti, maiki yake ishushwe hadi kiitikio kifike. Maiki kama Shure SM58, iliyoko sokoni tangu 1966, haisikii vizuri mgongoni mwake, kwa hiyo monita ikae chini mbele ya mwimbaji ikitazama mkia wa maiki. Mwimbaji akikumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja, anaziba matundu yanayoipa tabia hiyo, nayo inaanza kusikia pande zote. Mwambieni mapema, wakati wa mazoezi, kwa heshima.

Nyuma ya spika nyingi kuna swichi ya MIC na LINE. Ikitoka kwenye miksa, iwe LINE. Ikiachwa kwenye MIC utapata mvumo wa shaa usioisha, na sauti itakwaruza kabla haijawa kubwa. Kiwango cha spika kiwe katikati, halafu ukubwa upangwe kwenye miksa. Panga sauti ya mwimbaji kwanza akiimba kama atakavyoimba usiku, si kwa kuhesabu moja mbili, kisha ingiza ala moja moja chini yake.

Umeme wa miksa na spika utoke sehemu moja, maana ukitoka soketi za mbalimbali, ethi zinapishana na mngurumo wa hezi 50 unaingia kwenye waya. Wapo wanaotibu mngurumo huo kwa kukata pini ya ethi kwenye plagi. Msikubali: siku boksi likipata hitilafu, umeme utapita kwa aliyeshika gitaa au maiki. Kama mnatumia jenereta, pima volti kabla ya kuchomeka chochote. Ekstensheni ikunjuliwe yote, kwa kuwa ikiwa imeviringishwa hupata moto.

Wakati wa kuwasha, miksa itangulie na spika zifuate. Wakati wa kuzima, spika zizimwe kwanza, miksa mwisho, ili mshindo wa kuzima miksa usifike kwenye honi.