Mwanafunzi aachiwe msumeno ajiundie chombo

Katika nchi ambazo theluji huanguka kwa miezi kadhaa kila mwaka, vijana wapendao mchezo wa skeitibodi hujikuta mashakani majira ya baridi yanapoingia. Barabara na viwanja hufunikwa gubigubi, na ubao wenye magurudumu manne madogo huwa hauna kazi tena. Hapo ndipo bongo za ujana zinapochemka. Ubao uliochakaa na kutupwa nyuma ya nyumba huokotwa, ukavuliwa magurudumu na ekseli zake, ukageuzwa kuwa chombo kingine kabisa. Chombo hicho huitwa snosketi, yaani ubao ambao mtu husimama juu yake na kuteleza thelujini pasipo miguu yake kufungwa popote.

Yamkini msomaji atauliza: yatuhusu nini hayo sisi ambao theluji yetu iko kileleni mwa Mlima Kenya tu, nayo yazidi kupungua mwaka baada ya mwaka? Namwomba subira. Nitakalo kulizungumzia si theluji bali mikono.

Utengenezaji wa chombo hicho si muujiza, lakini si lelemama vilevile. Ubao wa skeitibodi aghalabu huwa na tabaka saba za mti wa mepo zilizoshikanishwa kwa gundi. Urefu wake ni sentimita 80 hivi na upana sentimita 20, ncha zote mbili zikiwa zimepinda kwenda juu. Mpindo huo ni neema, kwa kuwa chombo kisicho na pua iliyoinuka hujichimbia thelujini na kumrusha mpandaji kichwa mbele. Mtengenezaji huubandua msasa wa juu, maana hushika barafu na kula viatu, akagundisha mahali pake sponji ngumu au kipande cha zulia kuukuu ili nyayo zishike. Upande wa chini husuguliwa hadi ukawa laini, ukapakwa vanishi mbao zisije zikanywa maji na kufumuka, kisha ukatiwa nta. Asiye na nta ya dukani husugua mshumaa.

Wenye subira zaidi hutafuta skii iliyovunjika, wakaikata kwa msumeno wa chuma ibakie na urefu wa mita moja hivi, wakaifunga kwa skrubu chini ya ule ubao. Baina ya viwili hivyo huweka vipande vya mbao ili ubao wa juu uinuke. Hapo ndipo penye siri yenyewe. Skii ni nyembamba kuliko ubao, na kingo zake zimevishwa chuma. Mpandaji akiuegemeza uzito wake kwenye visigino au vidole, ukingo mmoja huuma theluji na chombo hukata kona. Lakini ikiwa vile vipande vya mbao ni vifupi mno, ubao wa juu hugusa theluji kabla ya ukingo kuuma vizuri, na mpandaji huishia chali. Hakuna mwalimu amfunzaye mtoto jambo hilo upesi kuliko kuanguka kwenyewe. Hurudi nyumbani akipangusa magoti, akaifungua skrubu, akaongeza kipande cha ubao, akaenda kujaribu tena.

Historia ya michezo hii imejaa visa vya namna hiyo. Mnamo mwaka 1963 mvulana wa shule aitwaye Tom Sims, wa jimbo la New Jersey nchini Marekani, alitaka kuendelea na mchezo wake wa ubao hata wakati wa baridi. Katika karakana ya shule yake, wakati wa somo la ufundi, alichukua ubao, akaugundisha zulia upande wa juu na kuupigilia bati la alumini upande wa chini. Kazi ya darasani hiyo! Baadaye mvulana huyo alikuja kuwa bingwa na mwenye kampuni ya kuunda mbao za theluji.

Miaka miwili baadaye, siku ya Krismasi ya mwaka 1965, mhandisi Sherman Poppen wa mji wa Muskegon, Michigan, aliunganisha skii mbili pamoja ili binti zake wapate cha kuchezea nje. Chombo hicho, kilichopewa jina la Snurfer, kilianza kuuzwa madukani mwaka uliofuata. Hapa msomaji makini atanikamata: kumbe aliyeunda ni baba, si watoto! Naam. Lakini tazama yaliyofuata. Kijana Jake Burton Carpenter alipata Snurfer yake akiwa na umri wa miaka 14, akaipenda, ila hakuridhika nayo. Aliichokoachokoa miaka nenda miaka rudi, na mnamo 1977 akaanzisha kampuni yake katika jimbo la Vermont. Baba alitoa wazo, kisha akakaa kando. Laiti angaliwazuia vijana wasikiguse kile chombo kisije kikaharibika, huenda mchezo ungeliishia uani mwake.

Mchezo huo wa mbao za theluji uliingia katika Olimpiki mwaka 1998 mjini Nagano, Japani. Ni Olimpiki iyo hiyo ambapo Mkenya mwenzetu Philip Boit alishiriki mbio za skii za kilomita 10 akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamngoja kwenye utepe ili amkumbatie. Sisi tuliona ajabu kwamba Mkenya ameteleza kwenye theluji. Nadhani ajabu ilikuwa ndogo kuliko tulivyodhani, kwani watoto wetu hawakuwa wageni wa kuteleza.

Nani asiyewajua watoto wanaoukata mtungi wa plastiki uliotoboka, wakaketi juu ya kipande chake na kuteremka mteremko wa nyasi kwa vifijo? Plastiki ya mtungi ule aghalabu ni poliethilini. Upande wa chini wa skii za kisasa, zikiwemo zile za mabingwa, ni poliethilini pia, ingawa ya daraja la juu. Mtoto wa Nyeri au Kericho amechagua bila kufundishwa malighafi ya jamii ile ile waliyoichagua wahandisi. Yuko pia yule aundaye gari la waya lenye magurudumu ya kandambili kuukuu, na usukani wake ukazunguka kweli.

Kinaya ni kwamba kijana wa Vermont akiunda chombo kwa takataka huitwa mbunifu, ilhali wetu huitwa maskini. Mzazi akipata fedha kidogo, jambo la kwanza afanyalo ni kulitupa gari la waya na kununua la plastiki ambalo mtoto hana la kulitengeneza likivunjika.

Shuleni nako hali si nzuri. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 wazazi walijenga karakana kwa harambee, nyingi zikakaa bila vifaa, na masomo yale ya mikono yakapunguzwa baadaye. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, uliyarejesha kwa jina jipya. Lakini usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, ni nani anayekata kadibodi mezani? Ni mama. Ni nani anayeshika gundi? Ni baba, huku mtoto amelala fofofo. Wengine hununua kazi iliyokwisha kuundwa. Asubuhi mwalimu hupokea kitu kinachong'aa, akakipa alama za juu, na mtoto akaulizwa kwa nini gurudumu limewekwa pale, hana jibu.

Wenzangu walimu, alama hizo tunampa nani? Ningependekeza kazi za namna hii zifanyiwe darasani, kwa vitu vilivyotupwa, mbele ya macho yetu, na kila chombo kijaribiwe uwanjani. Kikivunjika, mwanafunzi aandike kimevunjikia wapi na atabadilisha nini, na maelezo hayo yapewe alama nyingi kuliko sura ya chombo. Mwalimu mwenye wanafunzi sitini ataniambia hana wakati wala vifaa, na ana haki. Basi aanze na makundi ya watoto sita sita, saa moja kwa juma. Msumeno mmoja wa chuma, tupa, koleo na mitungi kumi iliyotoboka havizidi bei ya manila na rangi ambazo wazazi huagizwa kununua kila muhula.