VIJANA WAMEFUNDISHWA, SASA NI ZAMU YETU WAKUBWA

Ndugu msomaji, mwezi huu ukurasa wetu wa afya unawahusu watoto walio kati ya miaka 10 na 19, yaani vijana balehe. Hawa ni watu wanaoonekana mara chache sana kwenye zahanati. Mtoto mchanga hupelekwa kliniki kupimwa uzito na kuchanjwa. Mama mjamzito ana kadi yake. Mzee ana presha inayomrudisha hospitali kila mwezi. Kijana wa miaka 14 hana siku yake. Tukimwona anakula na kutembea, tunasema ni mzima.

Lakini huu ndio umri ambao mwili unajengwa upya. Mifupa hurefuka kwa haraka. Msichana huanza kupata hedhi na kupoteza damu kila mwezi, hivyo huhitaji zaidi vyakula vya kuongeza damu kama dagaa, maharage na mboga za majani. Ubongo nao haujamaliza kukua. Sehemu yake inayopima matokeo ya jambo kabla ya kulitenda huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Kwa sababu hiyo kijana anaweza kujibu vizuri maswali yote ya afya darasani, na jioni ile ile akashindwa kumkatalia mtu mwenye fedha.

Tunapozungumzia afya ya vijana aghalabu tunasema, "Wapewe elimu." Ni kweli, wapewe. Lakini sisi wa kanda hii tunalo somo la pekee linaloonyesha kwamba elimu kwa kijana peke yake haitoshi.

Somo kutoka vijijini kwetu

Wapo wasomaji wetu wanaokumbuka mradi ulioitwa MEMA kwa Vijana. Ulianza kazi vijijini mwaka 1999, wakati Geita ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza. (Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012.) Waliouendesha ni pamoja na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, shirika la AMREF na chuo cha afya cha London, wakishirikiana na Serikali.

Zilichaguliwa jamii 20 za vijijini. Kumi zilipewa mafunzo, na kumi nyingine zilifuatiliwa ili kulinganisha. Katika zile kumi za kwanza, walimu walifundisha masomo ya afya ya uzazi kwa madarasa ya tano hadi ya saba, wakisaidiwa na wanafunzi wenyewe. Wahudumu wa zahanati walifundishwa namna ya kumpokea kijana bila kumfokea. Vijana walisambaza kondomu kwa wenzao, na vijiji vilikuwa na wiki za afya ya vijana. Vijana 9,645 waliandikishwa na kufuatiliwa hadi mwaka 2002.

Matokeo yake yalikuwaje? Vijana walielewa. Ujuzi wao kuhusu UKIMWI, magonjwa ya zinaa na mimba uliongezeka, na misimamo yao mingi ikawa mizuri zaidi. Lakini walipopimwa damu, maambukizi ya virusi vya UKIMWI katika jamii zilizofundishwa hayakuwa pungufu kuliko katika jamii nyingine. Mimba nazo hazikupungua.

Watafiti walirudi mwaka 2007 na 2008, wakapima watu 13,814 wenye umri wa miaka 15 hadi 30. Hali ilikuwa ile ile: mafunzo yalikuwa bado yako kichwani, lakini ugonjwa haukupungua. Tena katika upimaji huo wanawake wapatao 4 katika kila 100 walikuwa na virusi vya UKIMWI, wakati wanaume hawakufika 2 katika kila 100.

Tusielewe vibaya. Utafiti huo haukuonyesha kwamba mafunzo yaliwaharibu vijana, kama wazazi wengine wanavyohofu. Mafunzo yalifanya kazi yake. Kilichobaki kama kilivyokuwa ni kijiji kinachomzunguka mtoto, yaani umaskini wa nyumbani, wanaume wakubwa wanaotafuta wasichana wadogo, na ukimya wetu sisi wazazi. Mbegu ilikuwa njema; shamba halikulimwa.

Fedha ya dhahabu na mtoto wa kike

Tutazame hali ya hapa kwetu. Dhahabu inapovuma mahali, watu hufurika katika muda mfupi. Vibanda husimama, biashara ya chakula na pombe hufunguliwa, na fedha hupita mkononi usiku na mchana. Msichana wa darasa la sita hutumwa kuuza maandazi au maji kwenye machimbo. Anarudi jioni na fedha zaidi ya bei ya maandazi. Nani nyumbani anauliza zimetoka wapi? Mara nyingi hakuna, kwa kuwa fedha hizo zimenunua unga.

Zamani mambo ya mwili wa msichana yalizungumzwa na bibi au shangazi. Leo familia nyingi zilizohamia machimboni zimemwacha bibi Shinyanga, Mara au Kigoma. Mama anaona haya, baba anasema hiyo ni kazi ya mama, na mtoto anafundishwa na wapita njia.

Utafiti wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wasichana 27 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au wana mimba. Mwaka 2022 walikuwa 22. Idadi imepungua, lakini bado ni zaidi ya msichana mmoja katika kila watano. Kwa msichana mdogo hatari ni kubwa, kwani nyonga zake hazijapanuka vya kutosha. Uchungu ukichukua siku mbili bila msaada, mtoto anaweza kufa tumboni na mama akapata fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au choo bila kukoma. Fistula inatibika kwa upasuaji, na hospitali ya Bugando, Mwanza, imewatibu wengi. Lakini wapo wanaojificha miaka mingi kwa aibu, wakidhani wamelogwa.

Mtoto wa kiume kwenye duara

Kijana wa kiume naye ana mtego wake. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Lilizungumza na watoto 61 waliofanya kazi hizo, na likaeleza kwamba wengine walianza wakiwa na miaka minane tu. Walishuka kwenye maduara, wakabeba mawe, wakaponda, wakachanganya mchanga na zebaki kwa mikono.

Zebaki hunasa dhahabu, kisha huchomwa ili iondoke. Haipotei, inageuka mvuke usioonekana. Anayeuvuta mvuke huo huingiza sehemu kubwa ya sumu hiyo katika damu kupitia mapafu. Huenda kwenye ubongo na figo. Dalili zake ni mikono kutetemeka, kusahau, kuumwa kichwa, kukosa usingizi na kubadilika tabia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu walipima wakazi wa Rwamagasa, hapa Geita, wakakuta kiasi cha robo ya wachoma dhahabu waliopimwa wameathirika kwa sumu hiyo. Ubongo wa mtoto unaoendelea kukua huumia zaidi. Tena mama mjamzito akivuta mvuke huo, sumu humfikia mtoto tumboni, hivyo kuchomea dhahabu jikoni ni kuitia sumu familia nzima.

Vumbi la karasha nalo huingia kwenye mapafu na kuyafanya yawe na makovu yasiyopona. Mwenye mapafu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine.

Mtoto anaweza kufundishwa haya yote shuleni Ijumaa. Jumamosi akitumwa na baba yake kuchoma dhahabu, atafanya nini? Hapa ndipo tunapoona kwamba anayepaswa kubadilika kwanza ni yule anayemtuma.

Tufanye nini?

1. Wazazi tuzungumze na watoto mapema, kabla ya hedhi ya kwanza na kabla ya sauti kukatika. Tusingoje siku moja ya hotuba ndefu. Maneno machache wakati wa kupalilia au kuchambua dagaa yanatosha. Baba naye azungumze na binti yake. Tuulize fedha zimetoka wapi, hata siku ambayo nyumbani hakuna unga.

2. Watoto wasitumwe kuuza vitu machimboni, hasa jioni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari, na kazi ya mgodini ni mojawapo.

3. Wenye maduara, mialo na makarasha wasiwapokee watoto, hata wakiletwa na wazazi wao. Zebaki isichomwe nyumbani, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020. Mkataba huo una jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwanda iliingia baharini, ikawalemaza watu waliokula samaki.

4. Wanaume watu wazima wajue sheria. Kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kufanya mapenzi na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mke wako ni ubakaji, hata akisema amekubali. Anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Wazazi nao waache kumaliza kesi hizo kwa ng'ombe.

5. Mtoto akibakwa apelekwe hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kwisha, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Kila saa inayopita hupunguza nguvu ya dawa hizo. Asiogeshwe kwanza, na nguo zake zitunzwe kama ushahidi.

6. Wasichana wa miaka 9 hadi 14 wapelekwe kupata chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Nchini kwetu chanjo hiyo ilianza kutolewa kila mahali mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu. Chanjo hii haimfanyi msichana kuwa mgumba.

7. Wahudumu wa afya wampokee kijana kwa faragha na kwa lugha njema. Tangu mwaka 2019 mwenye miaka 15 anaweza kupima virusi vya UKIMWI bila kuja na mzazi. Akifokewa siku ya kwanza, siku ya pili hatakuja.

8. Msichana aliyepata mimba asifungiwe mlango. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi shuleni. Anahitaji kliniki mapema, chakula, na mtu wa kumshikia mtoto saa za masomo. Jumuiya zetu ndogo ndogo zinaweza kupanga zamu.

Ndugu msomaji, wataalamu waliokuja vijijini kwetu walifanya sehemu yao, na watoto wakafanya yao: walisikiliza, wakajifunza, wakakumbuka kwa miaka mingi. Sehemu iliyobaki haihitaji daktari wala fedha za kigeni. Ni kazi ya baba anayetuma, mama anayenyamaza, mwenye karasha anayeajiri, na mwanaume mwenye fedha mfukoni. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Lakini anayemkunja ni mikono yetu, na mikono hiyo ndiyo inayopaswa kunawa kwanza.