Mhusika mbaya kwenye mchezo: kubalianeni kwanza

Msikilizaji wetu wa Mvumi, Rudewa na kwingineko Kilosa, kila tukirusha mchezo wenye mtu mwovu simu zinaanza kuita kabla kipindi hakijaisha: mnawafundisha nini watoto?

Wanaokumbuka Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania Julai 1993, hawajamsahau Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima. Hakuwekwa pale asifiwe. Watunzi walifuata njia ya Miguel Sabido wa Mexico: awepo mwema, awepo mbaya, na katikati awepo anayeyumba, ambaye msikilizaji atajiona ndani yake. Mkwaju akapata virusi vya UKIMWI. Mkewe, Tunu, alianza kwa kuvumilia, baadaye akasimama mwenyewe.

Redioni mwisho unajulikana kwa mtunzi. Kuna michezo ya mezani, vijana wanaikuta kwenye simu, ambayo haina mwisho ulioandikwa. Kila mchezaji anamsemea mhusika wake, na kete inaamua kama alichojaribu kimewezekana. Mmoja akija na shujaa, mwenzake akaja na mwizi anayewaibia wenzake, ugomvi unahamia kwa wachezaji. Ndiyo maana wazoefu huulizana mapema: wahusika wetu ni watu wa namna gani? Mateka anauawa? Jambo gani hatuligusi?

Mchezo maarufu kati ya hiyo, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Ndani yake zilikuwemo jamii nzima za viumbe zilizohesabiwa kuwa ovu kwa asili. Mwaka 2020 wachapishaji wake walitangaza kuachana na picha hiyo.

Kwetu hilo si la kubuni. Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Kikundi cha maigizo kikimpa mfugaji ubaya kila mara, au mkulima hila kila mara, watoto wa pande zote mbili wamekaa hapo wanatazama.

Kwa hiyo vikundi vinavyotuletea michezo tunaviomba: kabla ya mazoezi, semeni ubaya wa mhusika unatoka wapi. Tamaa? Rushwa? Hasira? Akiwa mfugaji, pawe na mfugaji mwingine asiye hivyo. Na kama kikundini yupo aliyefiwa katika mgogoro, mwulizeni kabla hamjaingiza panga kwenye igizo. Akikataa, tafuteni kisa kingine, visa vipo.