Gugu la Maji, Mgeni Mwenye Ua Zuri

Majuma machache yaliyopita tulikaribishwa chakula katika nyumba ya jamaa mmoja hapa Kolwezi, upande wa Manika. Uani, kando ya ukuta, palikuwa na nusu ya pipa la mafuta lililojazwa maji, na juu ya maji hayo ulielea mmea wenye majani ya mviringo yanayong'aa kama yaliyopakwa mafuta. Vikonyo vya majani vilivimba kama vitunguu, na katikati kilisimama kishada cha maua ya zambarau, na petali moja ina doa la manjano. Mama mwenye nyumba akatueleza kwa furaha kwamba shemeji yake alimletea mche huo kutoka Kinshasa, ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji kidogo. Nasi tukalisifu ua lile, kwa maana ni zuri kweli. Tulipofika kwetu, ndipo tukajuta kwa kusifu.

Mmea ule ndio gugu la maji. Wanafunzi wanaosoma Kifaransa wanalijua kwa jina la jacinthe d'eau. Watu wa Kinshasa, ambao hawakosi mzaha, waliliita Kongo ya sika, yaani Kongo mpya, kwa sababu visiwa vyake vya kijani hupita mtoni kama nchi iliyohama usiku.

Labda mtauliza: pipa moja uani lina neno gani? Yafaa tukumbuke tunakaa mahali gani. Mto Lualaba, ambao mbele unaitwa Kongo, unazaliwa katika nyanda za juu za kusini mwa Katanga, karibu nasi. Unapita katika bwawa la Nzilo, unashuka mabonde membamba ya mawe, kisha unatandaa katika bonde la Upemba, penye maziwa, vinamasi na samaki wengi. Sisi tuko kichwani pa mto. Maji ya mfereji wetu wa mvua huingia kijitoni, kijito huingia Lualaba, na Lualaba hupita mbele ya milango ya wavuvi wasiotujua wala sisi kuwajua.

Kwanza tuondoe kosa moja. Wako watu ambao, wakisikia habari za magugu ya majini, hushika panga na kwenda kufyeka kila kitu kilichoota ukingoni. Hilo ni kosa kubwa. Matete na mafunjo ya Lualaba si wageni. Ni wenyeji tangu zamani, na kazi yao ni njema: hupunguza mwendo wa maji, huyafanya matope yatulie, huwaficha samaki wachanga wasiliwe. Katika ziwa la Kisale mafunjo yameshikamana hata yamekuwa visiwa vinavyoelea, na wavuvi wamejenga vibanda vyao juu yake. Tena katika nchi ya migodi kama yetu, matope yanayoshuka huchukua shaba na kobalti. Palipo na matete, mengi hukamatwa katika mizizi. Afyekaye matete huyafungulia matope hayo njia.

Gugu la maji ni jambo jingine. Kwao ni Amerika ya Kusini, katika mabonde ya Amazon. Huko wako wadudu wanaolila, nalo hukaa kwa adabu. Lilianza kusafiri katika karne ya 19, si kwa nguvu zake bali kwa uzuri wake, kwa maana watu walilipenda kwa bustani zao, sawasawa na yule mama wa Manika. Halihitaji mbegu ili liongezeke. Mmea mmoja hutoa kikonyo pembeni, kikonyo huzaa mmea wa pili, nao hukatika na kwenda zake. Mahali penye joto na maji yenye uchafu wa kulilisha, hujiongeza maradufu kwa muda wa majuma mawili hivi. Ninyi wanafunzi, chukueni kalamu mfanye hesabu: mmoja, miwili, minne, minane. Baada ya majuma 20 mtapata 1,024. Baada ya majuma 40 mtapita milioni moja. Ni kweli kwamba mtoni si kila mmoja huishi, lakini hesabu hiyo yaonyesha kwa nini mvuvi anayelala na kuamka huikuta ghuba imefungwa. Nazo mbegu zake huzama matopeni na kungoja miaka 15 au zaidi, hata siku itakapozifaa.

Likiisha kufunika maji, jua haliingii tena. Majani yanayooza chini hula oksijeni ya maji, na samaki kama tilapia hufa au hukimbia. Wanaobaki ni kambale na kamongo, ambao hupanda juu kuvuta hewa. Katika mizizi yake hukaa konokono wanaobeba kichocho, na kandokando mbu hupata maji yaliyotulia. Mitumbwi haipiti, nyavu hupasuka.

Hapa Kongo gugu hili lilionekana katika mto mkubwa mwaka 1952. Kwa miaka michache tu likawa limeenea kati ya Kinshasa, iliyoitwa Leopoldville wakati ule, na Kisangani, iliyoitwa Stanleyville, njia ya kilomita 1,700 na zaidi. Angalieni jambo hili vizuri, kwa kuwa ndani yake mna siri nzima. Mto hauchukui kitu kupanda juu. Gugu linaloelea hushuka tu. Basi linalopanda limepandishwa na watu: limening'inia kwenye matishari na meli, limenaswa katika nyavu, limebebwa kama ua. Serikali ya Kibelgiji ilituma mashua na helikopta kunyunyizia dawa iitwayo 2,4-D, na fedha nyingi zikatumika. Majani yalikauka na kuzama, lakini katika vijito vya pembeni, ambako dawa haikufika, palibaki miche ya kutosha kuanza upya. Hata leo abiria wa Kinshasa huona visiwa vile vikipita kuelekea baharini.

Gugu lililoko Kisangani haliwezi kuruka maporomoko ya Boyoma lije juu kwetu. Mwenyezi Mungu ameweka ngazi za mawe katika mto huu, na kila ngazi ni mlinzi. Lakini mlinzi huyo hana nguvu juu ya mfuko wa plastiki. Mche mmoja ukitupwa juu ya Nzilo, hizo ngazi zote zitakuwa chini yake, na kushuka ni rahisi.

Tusidhani kwamba mabwawa makubwa yanaweza kujitetea. Jirani zetu wa Zambia walifunga mto Zambezi pale Kariba mwishoni mwa mwaka 1958. Mwaka uliofuata gugu jingine dogo, pia mgeni kutoka Amerika ya Kusini, lisilo na maua wala mbegu, lilionekana juu ya ziwa jipya. Kufikia mwaka 1962 lilikuwa limefunika kama kilomita za mraba 1,000, zaidi ya sehemu moja katika tano za ziwa lote. Baadaye lilipungua, ziwa lilipokwisha kumaliza chakula cha miti na udongo uliozamishwa. Na pale Jinja katika Uganda, gugu la maji lilikuja kusongamana mbele ya mitambo ya umeme ya Owen Falls, ikabidi kuliondoa kwa mashine. Nasi tunayo mitambo ya Nzilo iliyojengwa mwaka 1952, na ya Nseke ya mwaka 1956, yote juu ya Lualaba. Taa za nyumba zetu na mashine za migodini zimefungwa katika maji hayo.

Habari inayotufundisha zaidi ni ya ziwa Viktoria. Gugu lilionekana huko mwaka 1989, na mto Kagera ukaendelea kulileta kutoka juu, mwaka baada ya mwaka. Mnamo mwaka 1998 ghuba ya Winam peke yake, upande wa Kenya, ilifunikwa hekta karibu 17,000. Bandari ya Kisumu ilikuwa kama shamba, na watu walilichota kwa mikono, kwa reki na kwa mashine, nalo likarudi.

Ndipo mabingwa wakaleta askari wadogo. Ni wadudu wawili wa jamaa moja na fukusi anayetoboa mahindi ghalani, urefu wao milimita tano hivi, nao kwao ni huko huko Amerika ya Kusini. Mkubwa hutoka usiku kukwangua majani. Mtoto wake, ambaye ni kibuu, hutoboa kikonyo na kushuka hata moyo wa mmea, maji yanaingia katika tundu, mmea unaoza na kuzama. Marekani ilikwisha kuwatumia tangu mwaka 1972. Lakini kabla ya kuwafungua mahali popote, walijaribiwa kwanza juu ya mimea mingi mingine, ili ijulikane kwamba hawatahamia mihogo na mahindi ya watu. Uganda ilianza kuwafungua ziwani mwaka 1995, Kenya na Tanzania mwaka 1997. Wavuvi wenyewe walifundishwa kuwafuga katika mabeseni na kuwapeleka ziwani kwa mitumbwi. Kwa miaka miwili mitatu hakuna aliyeona faida, na wengi wakacheka. Halafu, kufikia mwaka 2000, sehemu kubwa ya gugu lile ilikuwa imezama. Twaongeza kwa haki kwamba mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilisaidia, kwa kuwa mawimbi yalilivunja gugu ambalo wadudu walikuwa wamelidhoofisha. Wataalamu bado hubishana nani alifanya kazi zaidi, mdudu au wimbi.

Wala halikuisha. Miaka michache baadaye lilirudi Winam, kwa sababu miji na mashamba bado yanamwaga uchafu na mbolea ziwani, na Kagera bado inaleta. Mdudu hupunguza. Hafuti.

Hapa turuhusiwe kucheka kidogo. Mwaka 1910 mbunge mmoja wa Louisiana huko Marekani, jina lake Robert Broussard, alipeleka mswada wa sheria ili viboko wachukuliwe Afrika, wafunguliwe katika vinamasi vya kwao wale gugu la maji, kisha watu wawale viboko! Mswada haukupita. Yeyote aliyewahi kukutana na kiboko akiwa ndani ya mtumbwi atajua kwamba watu wa Louisiana waliokoka.

Lakini Wamarekani wana shida nyingine inayotuhusu, maana ni ya matete. Katika vinamasi vya pwani za maziwa yao makubwa, kama Erie, matete yamepanda hata mita tano, yakasonga mimea yote na kuwafukuza ndege. Watu walishangaa, kwa kuwa matete yalikuwako huko tangu zamani. Mwaka 2002 mtaalamu Kristin Saltonstall alichunguza vinasaba vya matete ya leo, akavilinganisha na vya matete makavu yaliyohifadhiwa katika vyuo kwa miaka mia na zaidi. Akaona kwamba yanayosonga si yale ya kale. Ni aina nyingine, iliyoenea baadaye kutoka Ulaya, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Leo huyanyunyizia dawa, au huyakata chini ya uso wa maji ili maji yajaze mashina na mizizi ikose hewa. Tangu mwaka 2019 Wakanada wamefungua nondo wa aina mbili, ambao vibuu vyao hula ndani ya shina. Tete lile lile, jamaa ya haya yetu, kwao Ulaya ni mwenyeji mwema, ng'ambo ya bahari ni mnyang'anyi. Kwa hiyo swali la kwanza si mmea huu ni mbaya au mzuri, bali umetoka wapi, na nani alikuwa akiula.

Wako wanaosema: tulitumie. Huko Kisumu akina mama husuka vikapu na viti kwa vikonyo vilivyokaushwa, na wengine hutengeneza mboji. Ni kazi ya halali. Lakini vikapu havijapata kumaliza gugu popote, tena apataye riziki kwa gugu anaweza kutamani liendelee. Na hapa kwetu kuna hatari ya pekee: mmea huu hunywa shaba, kobalti na risasi na kuziweka katika mizizi yake. Uliokua katika maji yanayotoka migodini haufai kwa nguruwe wala kwa mboji ya mchicha.

Tulirudi Manika. Haikuwa rahisi, kwa kuwa mtu hapendi kuambiwa kwamba zawadi ya shemeji yake ni adui. Mama alinyamaza, halafu akauliza kama ingetosha kuutupa mferejini. Tukasema la, huko ndiko hasa tusikotaka. Tulifanya hivi, na mwenye mmea huu naye anaweza kufanya vivyo hivyo: tuliutoa wote, pamoja na vipande vidogo vya mizizi, tukautandaza juu ya bati palipo na jua kali, mbali na mfereji, hata ukawa mkavu wa kuvunjika, kisha tukauchoma. Maji ya pipa tulimwaga juu ya udongo mkavu, si penye mtiririko, na tope la chini, ambamo mbegu hujificha, tulilizika katika shimo refu. Pipa tukalisugua na kulianika. Mwanawe mdogo alilia kwa ajili ya ua, na mama akamwahidi kwamba watapanda mengine katika udongo, palepale ukutani.